Sindano ya mbuzi ipigwe shingoni, si pajani

Mwanambuzi wa miezi mitatu, katika kijiji kimoja cha Newala, alikuwa anakanyagia mgongo wa kwato. Mguu wa nyuma umekunjika kifundoni, manyoya yamekwisha kwa kuburuta mchangani, kidonda kibichi. Mwenyewe aliamini umevunjika. Nikaupapasa kutoka nyonga hadi kwato: mfupa mzima, hakuna uvimbe wala joto. Kumbe siku nne nyuma alichomwa pajani sindano ya kikohozi.

Msuli una kazi moja tu, kujikunja na kuvuta. Kusukuma hauwezi. Ndiyo maana misuli ya mguu hukaa kwa jozi: wa mbele ukivuta kano yake kwato hunyanyuka, wa nyuma ukivuta mguu hujisukuma ardhini. Amri hutoka kwenye uti wa mgongo kupitia mishipa ya fahamu, na ule mkubwa kuliko yote mwilini hupita nyuma ya nyonga, ukashuka ndani ya nyama za paja, pale pale wengi wetu tunapopenda kuchoma. Mbuzi mdogo au aliyekonda hana nyama ya kuukinga. Sindano ikiugusa, au dawa kali kama oksitetrasaiklini ikimwagika kando yake, amri haifiki. Msuli wa kunyanyua kwato unalegea, mwenzake anaendelea kuvuta peke yake, mguu unapinda.

Kwa hiyo choma shingoni. Mwenzako amshike, wewe weka kiganja mbele ya bega, katikati ya shingo: chini ya ukano mgumu wa juu, juu ya mstari wa mifupa. Kabla ya kusukuma dawa, sindano ikiwa bado ndani, vuta kidogo kijiti cha kusukumia dawa. Damu ikiingia, chomoa, uchome kwingine. Mbuzi mkubwa asizidishiwe mililita 5 sehemu moja. Na soma kibandiko kwanza, maana dawa kama ivermektini huchomwa chini ya ngozi, haihitaji msuli kabisa.

Kama mguu umeshalegea, minya ngozi katikati ya kwato mbili. Akiuvuta au akilia, matumaini yapo, ila mshipa wa fahamu huota polepole, kama milimita 1 kwa siku. Yule wa Newala tulimnyoosha kifundo, tukakizungushia kitambaa na kipande cha bomba la plastiki kilichopasuliwa, tukawa tunafungua kila baada ya siku mbili kuangalia kidonda. Wiki ya saba alikanyaga kwato yote chini.