Msumeno wa Babu Usiuuze kwa Kilo

Vijana wa vyuma chakavu wanapita na mikokoteni yao mpaka vijiji vya ndani huku Pemba, na mara nyingi nikichungulia ndani naona msumeno wa mkono. Mpini wa mbao, skurubu za shaba, upanga wake, yaani lile bapa la chuma lenye meno, umevaa kutu ya juu juu tu. Mwenyewe amelipwa pesa ya kununulia vocha. Wiki mbili baadaye ninamkuta huyo huyo juu ya muembe wake, ameshika panga.

Panga ndio ugomvi wangu na watu. Kwa kufyekea majani halina mfano, lakini tawi la unene wa mkono halilikati, linalichana. Unapiga mara kumi, mara kumi na tano, mwisho tawi linaning'inia kwa ganda, na likianguka linashuka na ganda la shina kwa urefu wa dhiraa. Jeraha kama hilo linachukua miaka kufunga, na pengine halifungi kabisa. Maji ya masika yanatuama humo, kuvu wanaingia, mchwa wanafuata. Kwa mkarafuu hasara ni kubwa zaidi, maana tanzu zake ni rahisi kuvunjika na ugonjwa wa kukauka matawi huingilia kwenye vidonda.

Sasa kwa nini nautetea msumeno wa zamani na nisikwambie ununue mpya? Kwa sababu ule wa zamani ulitengenezwa ili unolewe. Chuma chake ni kigumu kiasi, lakini tupa inakiweza. Mingi ya dukani siku hizi ina ncha za meno zilizounguzwa mpaka zikawa nyeusi zenye ubuluu. Hizo ni ngumu kuliko tupa. Zinakata vizuri sana zikiwa mpya, zikishakuwa butu basi. Mimi niliwahi kung'ang'ania kuunoa mmoja wa namna hiyo asubuhi nzima. Tupa ikateleza kama juu ya kioo, ikaisha yenyewe, msumeno ukabaki vile vile.

Kabla hujajisumbua, ukague. Ukunje upanga taratibu kama upinde kisha uuachie; ukirudi ukanyooka, chuma kizima. Ukibaki na mpindo, uache. Tazama mstari wa meno: kutu iliyotoboa vishimo virefu pale kwenye mizizi ya meno itakuvunjia meno wakati wa kunoa. Jino moja au mawili yakikosekana si neno. Halafu hesabu meno ndani ya inchi moja. Kwa miti mibichi unataka meno 5 mpaka 7. Wenye meno 10 au 12 ni wa seremala na mbao zake kavu. Ukiutia kwenye mfenesi mbichi, unga uliolowa utomvu unajaa baina ya meno na msumeno unakwama.

Kufungua mpini kunataka subira. Tia tone la mafuta ya taa kwenye kila skurubu usiku, ufungue asubuhi kwa bisibisi inayojaa kwenye ufa wake. Bisibisi nyembamba itakula vichwa vya shaba, na skurubu hizo huzipati tena dukani.

Kutu ya juu inatoka kwa msasa namba 120 uliozungushwa kwenye kipande cha ubao, ukilowesha kwa mafuta ya taa na kusugua kwa kufuata urefu wa upanga. Malizia na namba 220. Huna haja ya kuufanya kioo. Ukiwa laini unatosha. Kutu iliyogoma, ipake ukwaju uliovurugwa na maji, ule ule tunaosugulia masinia ya shaba, ufunike kwa kitambaa saa moja au mbili. Ndimu na siki nazo zinafaa. Chumvi usitie hata chembe. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nililaza msumeno usiku kucha ndani ya maji ya ndimu na chumvi, nikidhani nikizidisha dawa utapona upesi. Asubuhi niliukuta mweusi, una vidonda kama vya ndui.

Ukishamaliza na ukwaju, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili ukali ufe, futa, anika juani, kisha paka mafuta hapo hapo. Usiseme utapaka baada ya chakula. Hewa yetu ina chumvi, na chuma kitupu ulichokiacha adhuhuri kitakuwa kimeanza wekundu alasiri.

Mpini uoshe, upige msasa, uupake mafuta ya kitani yanayouzwa kwenye maduka ya rangi. Mafuta ya nazi hayakauki, yataufanya unate na kuchacha. Ukiwa umeliwa na bungua, chongesha mwingine kwa mbao ya mfenesi, kwa kipimo cha ule wa zamani.

Kunoa ndiko kwenyewe. Mimi nilionyeshwa na fundi wa mashua, na mpaka leo naamini watu wa pwani wanaochonga vyombo ndio wanaojua tupa kuliko sote. Ubane upanga kwenye jiliwa baina ya vipande viwili vya mbao, meno yachungulie tu juu yake. Ukiyaacha marefu, chuma kitalia na kutetemeka na tupa itaruka. Anza na tupa bapa: ipitishe juu ya ncha zote kutoka mwanzo mpaka mwisho, kidogo kidogo, hadi kila jino lipate kidoa king'aacho. Hapo meno yote yamekuwa kimo kimoja. Bila hatua hii, yale marefu yatafanya kazi na mafupi yatatazama. Kisha chukua tupa ya pembe tatu, uingie kwenye kila bonde mpaka meno yawe na umbo moja na vidoa vikaribie kwisha.

Baada ya hapo, tanua meno, yaani yakunje kidogo kwenda pembeni. Moja kulia, la pili kushoto, kwa zamu, mpaka mwisho. Kinachokunjwa ni nusu ya juu ya jino peke yake. Ukikunja kutoka shina litakatika. Mti mbichi unataka njia, yaani ufa unaokatwa na meno, pana kuliko mbao kavu, lakini usizidishe: njia ikifika unene wa upanga mmoja na nusu, inatosha.

Ukali wenyewe unakuja mwisho. Shika tupa ya pembe tatu, iinamishe nyuzi 20 hivi kutoka kwenye mkao wa kukingama, usukume kwenda mbele tu na kuinyanyua ukirudi. Anayeisugua tupa mbele na nyuma anaiua tupa. Noa bonde moja, ruka moja, kwa idadi ile ile ya misukumo, mbili au tatu, halafu geuza msumeno uyamalize yaliyobaki kutoka upande wa pili. Kila jino litatoka na ncha kama ya kisu kidogo, linalokata nyuzi za mti kabla ya kuzichimba.

Kujua kama umefaulu, chukua sindano ya kushonea kofia, ilaze kwenye kijifereji baina ya safu mbili za meno, uinamishe msumeno. Sindano ikiteleza mpaka mwisho bila kudondoka, kazi imekubali. Ikidondoka njiani, pale ilipoangukia ndipo penye jino lililokaa vibaya.

Juu ya mti, tawi zito halikatwi mara moja. Kata kwanza kutoka chini, kama sentimita 30 mbali na shina, mpaka theluthi ya unene. Sogea nje kidogo, kata kutoka juu. Tawi litaanguka peke yake bila kuchuna ganda. Kigutu kilichobaki ndicho ukikate mwisho, nje kidogo tu ya ule uvimbe kama pete pale tawi linapotoka shinani. Uvimbe huo ndio unaofunga jeraha, kwa hiyo usiuguse. Wala usiache kigutu kirefu cha kutundikia nguo, kitaoza kiingie ndani. Rangi, oili na tope juu ya kidonda ni kazi bure. Mti unajiponya vizuri ukiachwa wazi.

Muembe usubiri umalize kuzaa, na katikati ya masika usipogoe mti wowote. Ukihama mti mmoja kwenda mwingine, futa meno kwa spiriti, hasa ule wa kwanza ukiwa mgonjwa. Tawi lililolalia waya wa umeme liache, waite watu wa Shirika la Umeme. Na mkarafuu una sheria zake: kabla hujakata tawi kubwa, mwone sheha au bwana shamba wako.

Mfenesi na mshelisheli vitaupaka msumeno ulimbo. Ufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa siku hiyo hiyo, usugue mshumaa ubavuni ili kesho uteleze. Meno yafunike kwa kipande cha mpira wa maji uliopasuliwa. Usiufunge kwenye nailoni, utatoa jasho humo ndani. Utundike ndani ya nyumba, mbali na dirisha la upande wa bahari, na mbali na pale wanapolala kuku. Wangu mmoja, niliokwisha kuuponya ile ndui, ulikuja kutobolewa na kinyesi chao.