Oktani si nguvu: esanse, motere inayogonga na mafuta yake

Wiki hii tu nimeulizwa mara nne: "Papa fundi, niweke esanse ya 95 pikipiki ikimbie?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Oktani, ile namba kama 95, ni uvumilivu wa esanse: pistoni inaibana, nayo haijiwashi kabla moto wa buji (plagi) haujaifikia. Ikishindwa, motere inagonga: unasikia kama kokoto zinacheza ndani yake, hasa ukipanda Kadutu, hapa Bukavu, na abiria wawili. Motere isiyohitaji namba kubwa haipati nguvu yoyote kwayo, wala moshi hausafiki.

1. Soma kitabu cha pikipiki. Weka namba iliyoandikwa.

2. Ikigonga mlimani, rudisha gia, legeza gesi.

3. Dondoshea esanse kwenye karatasi nyeupe. Safi hukauka ikapotea. Iliyotiwa petroli ya taa (mafuta ya taa, ambayo hushusha oktani) huacha doa la mafuta. Sigara mbali!

4. Angalia kijiti cha mafuta ya motere. Hapa ndipo nilipoharibu. Yangu ilikuwa inagonga na kutoa masizi, mimi nikahangaika na valvu. Mafuta kwenye kijiti yakawa yanapanda kila wiki, nikafurahi: hii haili mafuta! Kumbe petroli ya taa haiungui yote; inapenya kando ya ringi za pistoni na kushukia kwenye mafuta. Siku ya kuyamwaga yalitoka mepesi kama chai, yananuka taa. Biele, mkono unaoshika pistoni, ilikuwa imeshalika. Kiwango kikipanda bila wewe kuongeza, USIWASHE. Mwaga mafuta, mwaga na esanse ya tangi. Mimi nilibadilisha mafuta peke yake, nikaua biele ya pili.

MASWALI

— Kwa hiyo mafuta ya 50 yana oktani ndogo?
— Soma tena. 50 ya 20W-50 ni uzito wa mafuta ya kulainisha. Oktani ni ya esanse.

— Nanunua kwa kadafi, wauzaji wa barabarani, miaka mitano, sijaona shida.
— Kijiti unakiangalia?
— Mara mojamoja.
— Basi hujaona.

— Papa fundi, hapa Bukavu haigongi, nikiteremka Ngomo mpaka Uvira inaanza. Ni esanse ya kule?
— Hilo swali nimelipenda, ndugu. Bukavu tuko mita kama 1,500, Uvira kama 800. Huku juu hewa ni nyepesi, silinda inajaa kidogo, mbano unapungua, hata esanse hafifu inavumilia. Kule hewa ni nzito, tena joto. Safari ijayo jaza tangi hapa, usiongeze njiani. Ikigonga bado, usimlaumu muuzaji wa Uvira.

— Nikichuja esanse kwa kitambaa, petroli ya taa itatoka?
— Hapana. Kitambaa kinazuia taka tu.

— Mimi nauza esanse. Bidoni ya mawese nikiiosha na sabuni inafaa?
— Mama, tafuta nyingine. Mawese yanang'ang'ania plastiki, na maji ya kuoshea yakibaki chini, pikipiki ya mteja itazimika kabla hajafika Nyawera, arudi kwako.