SIGSEGV ikifika, usihifadhi faili ndani ya hendla

Unayeandika programu za C au C++, najua kishawishi cha kukamata SIGSEGV (ishara ya mfumo kwa programu iliyogusa kumbukumbu isiyoruhusiwa) kwa hendla, yaani funksheni inayoitwa ishara ikifika, na kuokoa kazi ya mtumiaji papo hapo. Tafadhali acha. Huenda data iliyo kwenye kumbukumbu imeshavurugika, na ukiiandika juu ya faili lililokuwa salama unampotezea mtu hata kile alichokuwa nacho. Isitoshe, malloc (ya kuomba kumbukumbu) na printf (ya kuchapisha maandishi) si salama ndani ya hendla: uzi (thread) ukikatizwa ukiwa umeshika kufuli la malloc, programu inaganda badala ya kufa.

Hendla iandike ujumbe mfupi kwa write(), irudishe SIG_DFL (mwitikio wa kawaida wa mfumo kwa ishara hiyo), kisha irejee. Amri ileile itakosea tena na mfumo utaizima programu, faili la core (nakala ya kumbukumbu ya programu ilipokufa) likionyesha mahali penyewe. Ipe hendla staki yake (stack, eneo la kumbukumbu la miito ya funksheni) kwa sigaltstack na SA_ONSTACK, la sivyo staki ikijaa haitaitwa kabisa. (Kila uzi unahitaji yake, hili husahaulika sana.)

Uokoaji wa kweli hufanyika kabla: kila baada ya dakika moja au mbili hifadhi nakala kwenye faili la muda, fsync ili data ifike diskini, halafu rename() ili faili hilo lichukue nafasi ya nakala ya awali. Programu ikifunguliwa tena, muulize mtumiaji kama anaitaka nakala hiyo.