Kuzoeza macho kusoma herufi zilizogeuka

Nachonga mihuri ya mpira kwa mkono. Herufi hukaa kinyume kwenye mpira ili zikigongwa karatasini zisomeke, kwa hiyo fundi asiyezisoma zikiwa kinyume hugundua kosa muhuri ukishakamilika. Kijana ninayemfundisha nimempitisha hivi.

1. Chapa ukurasa upande mmoja, ugeuze, ubandike kwenye kioo cha dirisha mchana. Simu nayo hugeuza picha, ila mimi nashikilia karatasi, maana kidole kinafuata mstari. Soma kwa sauti, kulia kwenda kushoto.

2. Anza na herufi kubwa. A, H, I, M, O, T, U, V, W na Y hazibadiliki. AMA hubaki AMA.

3. Ingia herufi ndogo. Hapa b na d zitakusumbua: "baba" huonekana "adad", na "dada" huonekana "abab". Ukiona q, hiyo ni p, kwa sababu q haimo katika maneno yetu.

4. Badilisha ukurasa kila siku. Hatua hii ilinipotezea karibu wiki nzima. Kijana alirudia ukurasa mmoja siku nne mpaka akawa anateremka nao kama maji, nami nikafurahi. Nilipompa mwingine, akakwama mstari wa kwanza. Kumbe alikuwa ameukariri! Kukariri ukurasa na kuweza kusoma kinyume ni mambo mawili tofauti. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani, Cohen na Squire, waliwazoesha wagonjwa waliopoteza kumbukumbu kusoma maneno ya namna hii kwa siku tatu. Kwa maneno mapya waliendelea sawa na watu wazima wa afya, na miezi mitatu baadaye ustadi ulikuwepo. Kwa maneno yaliyorudiwa, wenye kumbukumbu nzuri waliwaacha nyuma. Basi pima muda wako kwa ukurasa mpya tu. Robo saa kila siku inafaa kuliko saa mbili za Jumapili, na ukichanganya b na d, rudi kwenye neno hilo polepole kabla ya kusonga.

5. Tarakimu zisome moja moja. Neno utalibahatisha kwa maana yake, namba ya S.L.P. haibahatishiki, na 2 iliyogeuka hufanana sana na 5. Mwenzako ashike karatasi ya mteja, wewe umtajie kutoka kwenye mpira. Kioo cha kujitazamia, kinachorudisha herufi zisomeke, kitoe mwishoni, mkishamaliza.