Jinsi ya Kuzunguka Ziwa la Xihu kwa Siku Moja: Bustani, Matuta na Visiwa vya Hangzhou

Wageni wengi wanaofika Xihu, ziwa lililo katikati ya jiji la Hangzhou, mkoa wa Zhejiang, huanzia ufukwe wa mashariki penye maduka na hoteli, hupanda boti ya kwanza wanayoiona, kisha huondoka wakiwa wameona umati wa watu kuliko walivyoliona ziwa. Mwongozo huu unaanzia magharibi. Ziwa hili, lililoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011, lina eneo la takriban kilomita za mraba 6.5 na kina cha wastani cha mita 2 hivi tu. Maji yakiwa machache namna hiyo, tope na magugu hulijaza ziwa lisipofukuliwa, na sehemu kubwa ya matuta (njia zilizoinuliwa zinazokatiza ziwa) na visiwa tunavyovitembelea leo imetokana na tope hilo.

Hatua ya kwanza: chagua siku

Epuka wiki ya kwanza ya Oktoba, sikukuu ya Mei Mosi na, ukiweza, Jumamosi na Jumapili. Mipichi huchanua kuanzia mwishoni mwa Machi, ilhali mayungiyungi hutawala Julai na Agosti, miezi yenye joto kali. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaofuata bidhaa Yiwu hawana haja ya kulala Hangzhou, kwa kuwa treni ya mwendokasi huchukua chini ya saa moja. Beba pasipoti, na uunganishe kadi yako ya benki na Alipay au WeChat, programu za simu za kufanyia malipo, kabla ya kuondoka.

Hatua ya pili: anza na Guozhuang

Chukua teksi hadi Guozhuang, bustani ndogo kwenye ufukwe wa magharibi, iliyojengwa mwaka 1907 na mfanyabiashara wa hariri. Ina kiingilio kidogo, na pengine ndiyo sababu wengi huipita. Tembea polepole kutoka kwenye bwawa la ndani kuelekea ukuta wa upande wa ziwa, ukizingatia jinsi kila dirisha na kila mlango wa duara unavyokata kipande kimoja tu cha mandhari ya nje. Mafundi wa bustani wa Kichina huita mbinu hii kuazima mandhari: ziwa si mali ya mwenye nyumba, lakini amelifanya kuwa sehemu ya ua wake. Ukishaielewa mbinu hiyo hapa, utaitambua kila mahali siku nzima.

Hatua ya tatu: tembea tuta la Su

Kutoka hapo, pitia bustani jirani ya mayungiyungi, Quyuan Fenghe, kisha uingie tuta la Su kwa upande wa kaskazini. Lina urefu wa kilomita 2.8 na madaraja 6, na lilijengwa kwa tope lililofukuliwa wakati mshairi Su Shi alipokuwa mtawala wa Hangzhou, mnamo mwaka 1090. Asubuhi simama juu ya madaraja ukitazama magharibi, kwa kuwa jua liko nyuma yako na vilima vinaonekana vizuri. Mierebi na mipichi imepandwa kwa kupishana.

Hatua ya nne: vuka hadi Xiaoyingzhou

Mwisho wa tuta, kwenye bustani ya samaki ya Huagang, kuna gati. Panda boti kubwa ya abiria inayotia nanga kisiwani. Mashua za makasia ni za kutembelea majini, basi usizikodi kwa ajili ya safari hii. Kisiwa hiki kilitengenezwa mwaka 1607 kwa kuzungushia tuta, hivyo kina mabwawa ndani yake na nchi kavu ni chache kuliko unavyotarajia. Pita daraja la kukunjakunja bila haraka: kila kona imewekwa ili kukugeuza utazame upande mwingine. Upande wa kusini utaona vinara vitatu vya mawe majini, vilevile vilivyochapishwa nyuma ya noti ya yuan 1. Asili yake ni alama za enzi ya Su Shi, zilizoonyesha eneo ambalo wakulima hawakuruhusiwa kupanda mimea ya majini, ili ziwa lisijae tena.

Hatua ya tano: rudi kupitia Gushan

Soma kibao cha gati kabla ya kupanda boti ya kurudi, uchague inayoelekea Zhongshan, kwenye kisiwa cha Gushan. Hiki ni kisiwa cha asili, na ndicho kikubwa kuliko vyote. Panda ngazi hadi bustani ya Chama cha Mihuri cha Xiling, chama cha wachongaji wa mihuri kilichoanzishwa mwaka 1904. Kwa maoni yangu hakuna mahali pazuri zaidi pa kuliangalia ziwa kwa juu. Kisha fuata tuta la Bai kuelekea mashariki hadi daraja la Duanqiao, ambapo umati utakuwa mkubwa jioni. Kituo cha metro cha Fengqi Lu kiko umbali wa kutembea, na njia namba 1 itakufikisha kituo cha treni cha Hangzhou Mashariki bila kubadilisha.