Namna ya Kukusanya Maoni ya Watu wa Lamu Juu ya Hotuba ya Mgombea Urais

Mhariri akikupigia simu alasiri na kukuambia kwamba mgombea amekwisha kukubali uteuzi wa chama chake, na kwamba anataka maoni ya watu wa Lamu kabla ya adhana ya magharibi, jambo jepesi ni kushuka uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome, kuwauliza wanaume watatu waliokaa kivulini, na kupeleka walichosema. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Maoni ya namna hiyo hutoka yakiwa yamepangika vizuri, mmoja anaunga mkono, mmoja anapinga, wa tatu hajaamua, na hayamwambii msomaji chochote ambacho hangekijua kwa kutazama rangi ya kofia ya mhojiwa.

Anza na hotuba yenyewe. Isikilize nzima, si vile vipande vinavyosambazwa, na uwe na daftari mkononi. Hotuba ya kukubali uteuzi husemwa mbele ya wajumbe ambao tayari wamekubaliana, ilhali inakusudiwa watu walio nje ya ukumbi. Kwa hivyo mwanzo wake aghalabu ni shukrani kwa vigogo na washirika, katikati ni ahadi, na mwisho ni wito. William Ruto alipokubali tiketi ya chama cha UDA pale Kasarani, Nairobi, tarehe 15 Machi 2022, ilikuwa Jumanne, siku ya kazi, katika mwezi ambao kaskazi imelegea na mvuvi ana kila sababu ya kuwa baharini. Mtu kama huyo hataisikia hotuba ikisemwa. Ataisikia ikisimuliwa, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Angalia pia lugha. Wagombea wetu wana desturi ya kusoma karatasi kwa Kiingereza, kisha kuiweka kando na kuingia Kiswahili pale wanapotaka kushangiliwa. Andika pembeni kilichosemwa kwa Kiingereza na kilichosemwa kwa Kiswahili, kwa sababu bibi wa mtaa wa Langoni aliyekaa mbele ya televisheni saa nzima huenda akawa ameambulia nusu tu ya hotuba, na nusu yenyewe ni ile ya vijembe na mizaha, si ile ya bajeti. Akikwambia kwamba mgombea hakuwa na sera bali matusi, usimwone mjinga. Ameeleza kwa uaminifu hotuba aliyopewa yeye.

Tia alama kila mahali palipotajwa Lamu, Pwani, bandari, uvuvi, hati za ardhi na usalama. Orodha hiyo huwa fupi, na hesabu inaeleza sababu: mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura walioandikishwa zaidi ya milioni 22, na wa kaunti yetu walikuwa zaidi kidogo ya 80,000. Hata hivyo Ibara ya 138 ya Katiba inamtaka mshindi, pamoja na kupata zaidi ya nusu ya kura zote, apate angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani kaunti 24, na katika hesabu hiyo Lamu ni kaunti moja sawa na Nairobi. Mhojiwa akilalamika kwamba kura ya Lamu haina uzito, hapo una la kumuuliza.

Swali la kwanza lisiwe la maoni, liwe la masikio: ulisikiliza wapi, na ulisikia nini? Hili nimelijua kwa aibu. Niliwahi kukaa na mzee mmoja kwa dakika ishirini, akanichambulia hotuba ya mgombea kwa ufasaha ambao sikuupata kwa mtu mwingine siku ile, nikaipeleka kazi yangu na ikasomwa redioni. Siku ya pili mjukuu wake akaniuliza, kwa adabu zote, mzee aliisikiliza saa ngapi, maana tangu asubuhi alikuwa amelazwa kitandani na redio iko chumba cha pili. Kumbe aliichambua hotuba ya mtu yule yule ya uchaguzi uliotangulia. Kilichonikera zaidi ni kwamba uchambuzi wake bado ulifaa. Tangu hapo kila ninayemnukuu namweleza msomaji alisikia kwa njia gani, kama ni hotuba nzima, au kipande cha dakika mbili cha WhatsApp, au habari ya barazani iliyopita midomo minne.

Mahali pa kwenda panategemea saa. Asubuhi watu wa gatini wana haraka, na atakayekujibu atakujibu huku macho yake yako kwenye mizigo. Baada ya alasiri baraza hujaa, muuza kahawa anapita na dele lake, na mtu mwenye kikombe mkononi hana pa kukimbilia. Usiku sana, miraa ikishashika, maoni huwa marefu na hayana mwisho. Yasikilize kwa starehe yako, lakini usiyapeleke kwa mhariri. Wala usiridhike na kisiwa kimoja. Panda mashua ya kwenda Mokowe, upande wa pili wa maji, kwa kuwa abiria wa safari ile fupi huzungumza bila kualikwa, kisha fika Hindi na Mpeketoni, ambako familia nyingi zina asili ya bara na zilipewa mashamba katika mpango wa makazi ulioanza miaka ya 1970. Neno ardhi likitajwa katika hotuba, mtu wa Mpeketoni na mtu wa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, hawasikii neno moja. Ukipata nauli ya Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, nenda; ukikosa, piga simu, na uandike kwamba ulipiga simu.

Kwa wanawake, usiingie nyumba ya watu kwa kisingizio cha uandishi. Fuatana na dada yako au mwenzako wa kike, piga hodi, ukae dakani mpaka uambiwe vinginevyo, na umwite mwenye nyumba Bi kabla ya kumwita jina. Wanaoshona kofia huzungumza vizuri zaidi mikono ikiwa kazini, na simu ya kurekodi ikiwekwa mbele yao mazungumzo hukatika kama uzi. Iweke kando baada ya kuomba ruhusa. Wengi wao hutaja bei ya unga na karo kabla hawajamtaja mgombea, na usiwakatize kwa kudhani wamepotea njia.

Sasa swali lenyewe. Ukiuliza, "Unaionaje hotuba?" utajibiwa, "Amesema vyema," kwa sababu kwetu mtu hamkosoi mgeni mbele ya mgeni mwingine, na mgombea ni mgeni. Hayo si maoni, ni heshima. Vivyo hivyo kuna Inshallah ya haraka, ambayo ni dua, na kuna ile ya kuvutwa pamoja na kuinua nyusi, ambayo maana yake ni kwamba msemaji amekwisha kusikia ahadi hiyo zamani. Kinasa sauti hakioni nyusi, kwa hivyo ziandike. Uliza badala yake: ni neno gani umelikumbuka mpaka sasa? Ni jambo gani ulitarajia kulisikia hukulisikia? Ungekuwa na nafasi ya kumkatiza, ungemkatiza wapi?

Tuseme mvuvi amekujibu hilo la pili kwa Kiamu, lahaja ya Lamu: "Nimesikiza yote. Bahari hakuitaya hata mara moya." Mwandishi mvivu ataandika kwamba mvuvi hakuridhishwa na hotuba. Ukikaa kitako na kumuuliza alitaka bahari itajwe vipi, utaambiwa habari ya bandari. Ataanzia uzinduzi wa LAPSSET, mradi wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, tarehe 2 Machi 2012, walipokuja Mwai Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia. Atapita kwenye mikoko iliyokatwa na maji yaliyochimbwa. Ataeleza hukumu ya Mahakama Kuu ya Malindi ya mwaka 2018, iliyoamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na ataishia kwenye gati la kwanza, lililofunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Sentensi zake mbili zilikuwa na miaka tisa ndani yake, na kazi yako ni kuifungua ile miaka kwa aya moja fupi, tarehe ukiwa umezihakiki mwenyewe, bila kumgeuza mvuvi kuwa mwanasheria.

Maneno yake yaache kwa Kiamu. Mhariri wa mbali atadhani umekosea chapa na atataka kuandika "hakuitaja hata mara moja", na ni haki yake kuuliza. Mweleze, na katika sentensi inayofuata mpe msomaji maana. Lakini mtu akisema nti, usimwandikie nchi. Wajukuu wake watasoma na watajua si yeye aliyesema.

Jihadhari na wapambe. Utawatambua kwa kuwa wanakutafuta wao, wanajua jina la redio yako, na majibu yao yana mpangilio ule ule wa kipeperushi cha chama. Maoni yao ni halali, bali yaandike pamoja na cheo chao. Mtu wa kawaida anayeogopa kutajwa, mpe haki hiyo bila kubishana naye. Mji ni mdogo, Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ni mwembamba, na kesho atakutana na yule aliyemsema.

Utaratibu huu unafaa hata kwa hotuba za ng'ambo, ambazo nasi tunazifuatilia. Marekani ilikuwa desturi mgombea kukaa kwake na kuletewa habari ya uteuzi, mpaka Franklin Roosevelt alipopanda ndege kwenda Chicago mwaka 1932 kuukubali mwenyewe mbele ya mkutano. Barack Obama alipokubali uteuzi mjini Denver usiku wa tarehe 28 Agosti 2008, huku kwetu ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri na dakika kadhaa. Kwa hotuba ya saa hiyo usingoje baraza la alasiri, kwa sababu mpaka hapo watu watakuwa wanarudia ya watangazaji. Simama karibu na msikiti watu wanapotoka kusali, kisha hamia kwa muuza mahamri.

Ukimaliza kuandika, rudi kwa kila uliyemnukuu na umsomee sehemu yake kwa sauti, hata kama mhariri anapiga simu kwa mara ya nne. Akisema, "Si hivyo nilivyosema," rekebisha pale pale. Akisema ndivyo ila sasa ameghairi, andika vyote viwili. Daftari usilitupe: uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na kabla ya siku hiyo mgombea huyo huenda akateremka gatini kwetu akiwa na hotuba nyingine. Watafute watu wale wale, uwaulize maswali yale yale matatu, na kwa mvuvi anza na bahari.