Kuipiga picha The Canadian, kutoka Saskatoon hadi Melville

The Canadian, treni ya abiria ya masafa marefu ya Kanada, hupita hapa Saskatoon mara mbili kwa wiki kwenda kila upande, na kwa anayeanza ningemshauri achague namba 2, ile inayotoka Vancouver kwenda Toronto. Ratiba yake huifikisha Saskatoon asubuhi, kisha mchana wote inakata tambarare za Saskatchewan kuelekea Melville na Manitoba, hadi Winnipeg usiku unapoingia. Namba 1, iendayo magharibi, sehemu kubwa ya eneo hilo hulipita gizani. Ukitaka kuipata ikiwa kwenye mwanga, itafute Alberta, mchana kwenda alasiri, hasa pale Fabyan karibu na Wainwright ambako reli inavuka bonde la Battle River juu ya daraja la chuma lenye kimo cha karibu mita 60. Hiyo ni safari ya siku nyingine.

Nimekulia Tabora, mji wa njia panda ya reli ya Mwanza na ya Kigoma, na mzee wangu alikuwa fundi wa vichwa vya treni. Vile vichwa vya kundi la 88 alivyokuwa akivihangaikia vilitengenezwa Montreal, hukuhuku Kanada, miaka ya 1970. Nilipohamia Saskatoon nilijua nitaipenda reli ya huku. Sikujua kwamba nitakuta treni ya mwaka 1955 bado inabeba abiria, tena na mabehewa yaleyale.

Ndicho kinachoifanya iwe ya kufuatiliwa. Kampuni ya reli ya Canadian Pacific iliagiza mabehewa 173 ya chuma cha pua kwa kampuni ya Budd ya Philadelphia, na treni ikazinduliwa tarehe 24 Aprili 1955. VIA Rail, shirika la serikali la treni za abiria, iliichukua mwaka 1978. Mabehewa yamekarabatiwa, na mfumo wa kupasha joto kwa mvuke ukaondolewa ukawekwa wa umeme, lakini bodi ni zile za Budd: ubavu wenye mifereji ya mlalo, vioo vya kuba juu ya paa, na mkia wa mviringo. Vichwa ni vya baadaye, F40PH-2 vilivyotoka kiwanda cha General Motors mjini London, Ontario, miaka ya 1980. Mwaka 2024 serikali ya Kanada ilitangaza fedha za kununua mabehewa mapya ya safari hizi ndefu. Kwa hiyo mwenye nia asiahirishe sana.

Tahadhari moja kwa wanaosoma vitabu vya zamani: tangu Januari 1990 treni hii haipiti tena Regina, Moose Jaw wala Calgary. Ilihamishiwa reli ya CN (Canadian National) ya kaskazini, ya Saskatoon na Edmonton. Ukikaa Moose Jaw na kamera yako utapiga picha za treni za mizigo tu.

Kujua iko wapi

Ratiba iliyochapishwa itumie kukujulisha siku, basi. Reli ni ya CN, na CN ni kampuni ya mizigo. Treni zake nyingine zina urefu wa kilomita tatu na zaidi, hazienei kwenye njia za kupishania, kwa hiyo yenye kuingia pembeni na kungoja ni treni ya abiria. Kuchelewa kwa saa kadhaa ni jambo la kawaida. VIA wana ukurasa unaoonyesha treni ilipo na imechelewa kiasi gani. Mimi huanza kuifuatilia ikiwa bado Alberta: Wainwright, halafu Unity, halafu Biggar. Ikishatoka Biggar ndipo nampigia shemeji yangu, maana ndiye dereva wangu. Anayepiga picha asiendeshe gari. Macho ya mpiga picha yako kwenye reli na kwenye mawingu, na barabara inataka macho yake yenyewe.

Redio ndogo ya kusikiliza masafa ya reli, kwenye megahezi 160 na 161, inasaidia sana. Kando ya reli kuna mashine zinazokagua ekseli za treni inayopita, kisha zinatangaza kwa sauti namba ya maili zilipo. Ukiwa na orodha ya maili za njia hiyo, unajua treni iko wapi hata mahali ambapo simu haina mtandao, na mahali hapo ni pengi. Pakua ramani kabla ya kutoka, jaza tangi, kagua tairi la akiba.

Angalia pia saa. Saskatchewan haibadilishi saa mwaka mzima, lakini Manitoba na Alberta hubadilisha. Kiangazi, ukivuka kuingia Manitoba umepoteza saa nzima kabla hujashuka kwenye gari.

Hesabu ya barabarani

Pale reli ilipo wazi, treni hii inaruhusiwa kwenda maili 80 kwa saa, yaani kama kilomita 129. Barabara kuu ya lami huku ukomo ni kilomita 100, na za changarawe ni 80. Fanya hesabu hiyo ukiwa umetulia nyumbani: kihalali huwezi kuishinda treni inayokimbia. Utaishinda inaposimama, pale Saskatoon inapokaa kidogo na kila inapoingizwa pembeni kupisha mizigo. Ndiyo maana kazi yote ni kutangulia. Chagua sehemu tatu au nne zenye umbali mkubwa kati yake, fika mapema ya kwanza, na ukiona treni imekupita njiani usikanyage mafuta. Achana na sehemu inayofuata, nenda moja kwa moja ile ya mbele yake.

Nchi yenyewe inakusaidia. Saskatchewan ilipimwa kwa miraba: barabara za kaskazini-kusini ziko kila maili moja, za mashariki-magharibi kila maili mbili. Kwa kuwa reli inakata mshazari, karibu kila barabara hizo mwishowe huikuta. Shemeji huwa anauliza tu, "Kulia au kushoto?" nami nahesabu miraba. Ila zile zisizo na changarawe zikinyeshewa usiziingie kabisa. Udongo wa mfinyanzi wa huku unajaa kwenye magurudumu mpaka gari linagoma.

Majina ya njia

Kampuni iliyojenga reli hii mwanzoni mwa karne ya 20, Grand Trunk Pacific, ilivipa vituo vyake majina kwa kufuata alfabeti, kutoka mashariki kwenda magharibi. Sisi tunaoandamana na namba 2 tunakwenda kinyume, kwa hiyo herufi zinarudi nyuma. Ukitoka Saskatoon unakuta Clavet, Bradwell, Allan. Hapo alfabeti inajirudia kutoka mwisho: Zelma, Young, Xena, Watrous, Venn, Undora, kisha Nokomis iliyokaa nje ya mpangilio, halafu Tate, Semans, Raymore, Quinton, Punnichy. Kisha vinakuja Lestock, Kelliher, Jasmin, Ituna, Hubbard, Goodeve, Fenwood, na Melville. Yakariri. Redio ikitaja mahali, hutahitaji kufungua ramani kujua kama uko mbele au nyuma.

Kati ya Saskatoon na Watrous nchi ni sawa kabisa, na utaiona taa ya treni dakika nyingi kabla haijafika. Hapa piga kwa upana: theluthi moja ardhi, mbingu iliyobaki, treni uzi wa fedha katikati. Mwezi Julai kanola, mmea wa mbegu za mafuta, inachanua, na shamba la njano chini ya mabehewa ya fedha halihitaji ufundi mwingi. Karibu na Allan mgodi wa potashi, chumvi ya kutengenezea mbolea, unaonekana kwa mbali, na wengi huukwepa kwenye picha. Mimi huuacha uonekane, kwa sababu ndio unaoajiri watu wa hapo na kujaza treni za mizigo tunazozilaumu.

Young na Watrous ziko kwenye barabara namba 2, rahisi kufika. Toka hapo hadi Nokomis kata kwa barabara ndogo, kisha shika namba 15 kwenda mashariki. Kuanzia Nokomis, barabara hiyo na reli zinakwenda pamoja karibu njia nzima hadi Melville, na hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Pale Punnichy na Lestock kuna vilima vya Touchwood. Reli inaanza kupinda, na kwenye kona ndipo utakapopata treni nzima ndani ya fremu moja. Behewa moja lina urefu wa karibu mita 26. Kiangazi mabehewa yanaweza kufika 20 au zaidi, hiyo ni nusu kilomita na ushee. Kwenye reli iliyonyooka, ukisimama mbele, utaona kichwa na behewa moja tu. Tafuta kona, ukae upande wa ndani yake.

Jua na chuma cha pua

Sisi tuliotoka karibu na ikweta lazima tujifunze upya jua. Tabora jua la saa sita liko utosini, na kwa mwaka linahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Saskatoon iko latitudo 52 kaskazini. Jua la mchana liko kusini siku zote za mwaka. Kwa hiyo simama kusini mwa reli, isipokuwa jioni za Juni na Julai jua linapozama kaskazini-magharibi. Treni inaelekea mashariki na kusini-mashariki: asubuhi uso wake unawaka, alasiri uso unaingia kivulini na mwanga unahamia mkiani. Panga vituo vyako hivyo. Picha za kichwa zipige kabla ya Watrous, za mkia zipige baada ya Raymore.

Chuma cha pua kinadanganya kamera. Mwanga ukikipiga kwa pembe fulani kinawaka cheupe pepe, na mifereji yote ya ubavuni inapotea. Taa za kichwa nazo zinaifanya kamera ipunguze mwanga ghafla na kuacha picha nyeusi. Acha mpangilio wa otomatiki. Pima mwanga kwenye majani ya kando ya reli dakika kumi kabla, punguza kama theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga cha kamera), funga hapo, na hifadhi picha katika faili ghafi (RAW). Kichujio cha polaraizi kitoe kwenye lenzi. Kinaweza kupunguza mng'ao, na mng'ao ndio tulioufuata.

Shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga, iwe 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi. Kwa mwendo wake wa juu treni inasogea karibu sentimita 3.6 ndani ya muda huo, na ikija mbele yako msogeo huo hauonekani kwenye picha. Ikipita ubavuni karibu nawe, nenda 1/2000. Treni yote itakupita ndani ya sekunde 15 hivi. Piga tatu au nne za kichwa, kisha shusha kamera. Hesabu mabehewa kwa macho, tazama abiria walioko kwenye kuba, wengi watakupungia. Kisha geuka, inua kamera tena, ungojee mkia.

Mkia ni behewa la aina ya Park, na kila moja lina jina la hifadhi ya Kanada limeandikwa ubavuni: Banff Park, Kokanee Park, Assiniboine Park na mengine. Nyuma yake ni mviringo wa madirisha, na watu wameketi ndani wakitazama nchi inavyoondoka. Huenda ukawa umbo zuri kuliko yote yaliyowahi kuwekwa kwenye reli, na wapiga picha wengi huwa wameshageuka kukimbilia gari.

Mashamba na reli za watu

Kukanyaga eneo la reli bila ruhusa ni kosa la kisheria Kanada, na treni inayokwenda kasi upepo ukiwa kinyume huisikii mpaka imefika. Simama kwenye barabara ya umma, mbali na makutano, na usihesabu kwamba treni ni moja: baada ya ya abiria mara nyingi ya mizigo iliyokuwa ikingoja inafuata.

Shamba nalo ni la mtu hata kama halina uzio. Kuna ugonjwa wa mizizi ya kanola unaosafiri kwenye udongo wa viatu na magurudumu, na unakaa ardhini miaka mingi. Usiingie hata hatua tatu. Ukimwona mwenye shamba, mwendee, msalimie, mweleze unachongoja. Mzee mmoja wa karibu na Semans alinionyesha kilima nyuma ya ghala lake ambacho hakipo kwenye ramani yoyote ya wapiga picha, na sasa kila nikipita namletea picha iliyochapishwa.

Wakati wa baridi siku ni fupi, lakini jua la Desemba halipandi sana zaidi ya nyuzi 15, kwa hiyo mwanga ni wa dhahabu mchana kutwa na treni inavuta wingu la theluji nyuma yake. Betri mbili za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukirudi garini, kamera iache ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka ipate joto, la sivyo unyevu utaingia kwenye lenzi.

Ukifika Melville, pale wahudumu wa kichwa wanapobadilishana, amua kama una nguvu ya kuendelea hadi Manitoba. Kabla ya kuamua, andika kwenye daftari namba za vichwa, idadi ya mabehewa na jina la behewa la mkia, tarehe na mahali. Mabehewa haya yakishaondolewa, atakayetaka kujua lipi lilikuwa wapi na lini atalitegemea daftari lako kuliko picha yako.